Orvokki na Mzaha Ulioidhinishwa

Majira ya kuchipua yaliyopita, Serikali ya Ufini ilitangaza rasmi kwamba imeamua kuwachekesha wananchi wake. Tangazo lilisomwa redioni, baada ya taarifa ya barafu kwenye maziwa, na msomaji nilikuwa mimi. Mke wangu alisikiliza jikoni. Aliisifu sauti yangu kwamba haikuwa na dosari wala uhai.

Naitwa Kauko Lintula. Wakati huo nilikuwa Naibu Mkurugenzi wa Halmashauri ya Filamu za Manufaa, Kitengo cha Mapigano na Furaha. Hapo zamani vilikuwa vitengo viwili, vikaunganishwa ili kubana matumizi. Bosi wangu alikuwa Mkurugenzi Mkuu Ensio Hirvasniemi, mtu mrefu, mkavu kama samaki aliyeanikwa, ambaye alitabasamu mara moja tu maishani, kwenye picha ya pasipoti, nayo ikakataliwa.

Utafiti wetu ulikuwa umebaini pengo la kimkakati. Wafini walikuwa wanapenda mno filamu za kigeni, zile ambazo magari yanalipuka na watu wanataniana huku wakitwangana ngumi. Za kwetu hazikuwapo. Basi kikaundwa kikosi kazi cha wizara kadhaa, pamoja na mchungaji mmoja wa Kilutheri aliyeingia kunywa kahawa akasahauliwa humo, na baada ya mashauriano mapana ukapatikana mswada wa filamu ya mapigano na vichekesho uitwao *Kasi Inayoruhusiwa*.

Mhusika mkuu ni Inspekta Sirpa, mkaguzi wa mitungi ya kuzimia moto, anayelifukuza genge la wahalifu. Watu wa Uchukuzi waliomba gari la Sirpa lisizidi kasi ya mjini na lisimame kwenye kila kivuko cha waenda kwa miguu. Tuliafiki. Kwa kuwa sisi ni nchi ya haki, genge nalo lilitakiwa kusimama. Watu wa Mazingira hawakuutaka mlipuko, kwa hiyo mlipuko ulihamishiwa nje ya picha, na badala yake mzee mmoja anaingia na kusema, "Kumelipuka kule."

Mhalifu mkuu wa genge ndiye aliyetutoa jasho. Haikufaa atoke nchi za nje, ingeonekana tuna chuki. Haikufaa atoke kaskazini, wala mashariki, wala pwani wanakozungumza Kiswidi. Haikufaa awe na kazi, maana kila kazi ina chama chake cha wafanyakazi. Mwishowe tulimpata mhalifu asiyetoka popote na asiyefanya lolote, na kwenye ukurasa wa mwisho anaomba radhi.

Halafu kulikuwa na mzaha wenyewe. Awali Sirpa alikuwa ateleze kwenye ganda la ndizi. Watu wa Kilimo wakauliza kwa uchungu, kwa nini ndizi, ilhali mkulima wetu analima viazi? Likawa ganda la kiazi. Watu wa Usalama Kazini wakaagiza avae kofia ngumu, na asianguke hivihivi bali aketi chini polepole akiwa ameshika kitu. Na ili mwananchi yeyote asije akapitwa, Sirpa anainuka, anaitazama kamera, anasema: "Huo ulikuwa mzaha."

Niliposoma hapo mara ya kwanza niliguswa. Sikucheka, lakini kucheka hakukuwa kwenye majukumu yangu.

Sasa tulihitaji mtu wa kumwigiza Sirpa. Kila tuliyemuuliza alitaja jina lilelile: Orvokki Salmela wa Tampere. Miaka nenda miaka rudi mwanamke huyo alikuwa akichekesha watu kwenye kumbi za wafanyakazi, kwenye harusi, na hata kwenye mazishi, kwa ombi la wafiwa. Hakuwa na vituko vingi. Alikuwa na uso, na alijua kungoja. Nilitumwa kumfuata.

Nilimkuta sokoni Tammela, mjini Tampere, akimsaidia shangazi yake kwenye kibanda cha soseji nyeusi. Shangazi huyo, Lempi, ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele yangu bwana mmoja mwenye suti alisema anataka soseji bila jamu ya beri, jambo ambalo huko ni kama kufuru.

Orvokki aliinua kichwa. Alimtazama. Akaitazama soseji. Akaigeuza upande kidogo, kama mtu anayemziba mtoto masikio asisikie maneno mabaya. Kisha akangoja.

Foleni nzima ilivunjika mbavu. Yule bwana alicheka hadi miwani ikaangukia kwenye soseji, akaomba jamu mwenyewe.

"Na wewe?" Shangazi Lempi aliniuliza. "Unanunua au unakagua? Maana sura hiyo ni ya kukagua."

"Nimetoka Halmashauri ya Filamu, mama. Tunamhitaji mpwa wako katika utekelezaji wa—"

"Filamu? Ya sinema? Ile ya ukutani?" Aliacha koleo likaning'inia. "Orvo! Acha kumchokoza huyo baba, njoo! Umeitwa sinema!"

Orvokki alikuja akijifuta mikono. Baadaye nilielezwa kwamba kila Jumapili, alipokuwa mdogo, shangazi huyu alikuwa akimpeleka sinema, wakikaa safu ya mbele kabisa hadi shingo zinauma, na Lempi alikuwa akimwambia, "Siku nikikuona pale juu, nitavaa kofia." Hakuwa mtu wa kofia. Kwa hiyo Orvokki alitia saini pale pale, juu ya kaunta yenye mafuta, kabla hajasoma ukurasa hata mmoja.

Alisoma akiwa amekaa kwenye benchi la soko. Nilimngoja. Alisoma, akafunua, akasoma, akarudi nyuma kuangalia kama kurasa zimeruka.

"Kauko," aliniita mwishoni, kwa upole wa mtu anayempa mwenzake habari za msiba. "Huyu Sirpa anasimama kwenye kivuko katikati ya kumfukuza mwizi."

"Naam."

"Na mwizi anamngoja."

"Mwizi naye anafuata sheria za barabarani."

"Basi ni mwizi wa nini?"

"Hilo halijabainishwa. Tuliona lingeleta mgawanyiko."

Aliufunga mswada. "Rafiki yangu, hii kitu ni bomu. Na hata bomu lenyewe limelipuka kule, mimi sikuliona."

Nilimweleza kwamba mswada umeidhinishwa. Akaomba kuonana na wakubwa.

Kikao kilifanyika Helsinki, kwa kahawa na maandazi ya mdalasini. Orvokki alizungumza kwa adabu. Alisema hataki kubadilisha mengi. Anaomba pale kwenye ganda la kiazi waondoe maneno "Huo ulikuwa mzaha", wamwachie kimya kidogo, na kofia ngumu itoke.

"Kimya cha urefu gani?" aliuliza Mkurugenzi Mkuu.

"Sijui. Mpaka kiive."

"Kiive?"

"Kama viazi, bosi. Unachoma uma, unaona."

Mkurugenzi Mkuu alimweleza kwamba Halmashauri haifadhili kimya, kwa kuwa mlipa kodi anaweza kukipata nyumbani kwake bure. Kila neno la mswada lilikuwa limepigiwa kura. Hakuna neno la kupunguzwa wala kuongezwa.

Orvokki hakubisha. Aliutazama mswada. Kisha akalitazama andazi lake. Alilichukua andazi taratibu, akaliweka juu ya mswada, kama mtu anayeweka jiwe juu ya kaburi la paka. Akangoja.

Mchungaji ndiye aliyeanza. Alitoa sauti kama birika. Kisha mama wa Uchukuzi akalaza kichwa mezani, mabega yakitikisika, na yule wa Mazingira akapaliwa na kahawa. Mimi niliandika katika kumbukumbu za kikao kwamba kilitokea kicheko kisichoidhinishwa, chanzo: andazi.

Mkurugenzi Mkuu hakufurahishwa. Watu walikuwa wametumia vikao chungu nzima kuandaa mzaha, na huyu anakuja kuchekesha na kitafunwa? Ikaongezwa kanuni kwenye mkataba: uso wa mwigizaji utumike kwa kiasi.

Upigaji picha ulianza mwezi Mei. Mhalifu aliigizwa na Reijo, jitu la futi sita na ushee lenye roho ya sungura, ambaye aliona aibu kumfukuza mtu, seuze kufukuzwa. Siku ya mkimbizano wa magari tulipitwa na bibi mmoja wa baiskeli mara mbili. Mara ya pili alitupungia mkono.

Orvokki alijitahidi, hilo nashuhudia. Aliketi kwenye ganda la kiazi kwa namna mbalimbali. Aliketi kwa huzuni, akaketi kwa majivuno, akaketi kama malkia aliyekalia kiti chenye maji. Kila mara nilimkumbusha kwamba mswada unasema *aketi*, basi. Kila mara alipoanza kungoja kidogo baada ya kuinuka, nilipuliza filimbi niliyopewa kwa kazi hiyo.

Mchana mmoja nilimkuta amekaa kwenye ngazi za gari la vifaa na Reijo, kofia ngumu magotini.

"Nimechekesha watu kaburini," alikuwa anamwambia. "Mjane ananishika mkono, anacheka na kulia kwa pamoja, ananiambia asante. Leo nimeanguka tangu asubuhi, na mafundi wa kamera wananitazama kama wanatazama dada yao anavyokamatwa na polisi."

"Labda ikiunganishwa na muziki itakuwa nzuri," alisema Reijo.

"Reijo, uji uliolala hauponi kwa kuupigia gitaa." Alipangusa macho kwa kiganja. "Mimi ningevumilia. Nimeshaona kumbi zilizopoa. Ila shangazi ameshanunua kofia. Ya kijani. Ina manyoya."

Aliniona nimesimama. Nilidhani angenitukana. Alisogea tu, akanipa nafasi ya kukaa, na hilo lilinisumbua kuliko matusi. Nilikaa. Sikuwa na la kusema lililoidhinishwa.

Uzinduzi ulifanyika Tampere, Jumamosi alasiri mwezi Agosti. Ukumbi ulifurika. Walikuwapo watu wa soko, watu wa kumbi za wafanyakazi, wafiwa wa zamani. Safu ya mbele kabisa alikaa Shangazi Lempi, kofia ya kijani kichwani, shingo juu. Orvokki alikaa kando yake akitazama viatu.

Filamu ikaanza.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni kuratibu vicheko. Sirpa alisimama kwenye kivuko, ukumbi kimya. Mzee aliingia akasema kumelipuka kule. Mtu mmoja akageuka kutazama mlango. Sirpa aliketi kwenye ganda la kiazi, akainuka, akasema huo ulikuwa mzaha. Mahali fulani karatasi ya peremende ilichakarishwa, na mwenye peremende akaona haya. Mhalifu akaomba radhi. Taa zikawaka. Hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea. Sisi Wafini hatupendi kumwaibisha mtu aliye chini.

Shangazi Lempi alivua kofia, akaipakata. "Ulionekana vizuri, mwanangu," alisema. "Ulionekana mkubwa sana." Orvokki alinyoosha unyoya mmoja wa kofia hiyo.

Mkurugenzi Mkuu alininong'oneza, "Lintula, wamecheka?"

"Kwa ndani, Mkurugenzi."

Hakuridhika. Alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akaniita nipande na ubao wenye michoro ya mswada. Akamwita na Orvokki asimame kando yake kama kielelezo.

"Ndugu wananchi," alianza, "imebainika kwamba kuna mzaha umewapita."

Mtu mmoja huko nyuma alikohoa.

"Hamna kosa. Tutaurudia kwa hatua. Hatua ya kwanza: hili ni ganda la kiazi." Nilionyesha kwa fimbo. "Kiazi, kama mnavyojua, si kitu cha kuteleza. Hapo ndipo penye ucheshi."

Orvokki aligeuza shingo taratibu, akamtazama. Hakukuwa na mkataba wala kamera wala filimbi. Filimbi niliiacha kwenye koti. Alimtazama kama alivyoitazama ile soseji. Akangoja.

Kicheko cha kwanza kilitoka safu ya tatu, kidogo, kama mlango usiotiwa mafuta.

"Bado," alisema Mkurugenzi Mkuu kwa ukali. "Hatujafika kwenye mzaha."

Ukumbi ukalipuka. Safari hii haikuwa kule, ilikuwa hapa hapa.

"Nyamazeni! Mnacheka mahali pasipo pake! Hatua ya pili: anaketi kwa usalama. Orvokki, anguka."

Orvokki alitazama sakafu. Akamtazama yeye. Akapapasa hewa kutafuta kitu cha kushika, hakukipata, akamshika tai. Akaanza kuketi, polepole, kwa kufuata kanuni zote, na Mkurugenzi Mkuu Ensio Hirvasniemi, mtu wa futi sita, alilazimika kuketi naye, akiendelea kueleza hadi chini: "Mnaona— hakuna— hatari— yoyote." Walipofika sakafuni wote wawili, Mkurugenzi Mkuu alikisogeza kipaza sauti mdomoni na kusema kwa heshima ya ofisi yake:

"Huo ulikuwa mzaha."

Nimefanya kazi serikalini maisha yangu yote. Sijawahi kuona wananchi wakishirikishwa kiasi kile. Watu walishikana. Bwana mmoja alitolewa nje kwa kubebwa. Shangazi Lempi aliipiga kofia yake kwenye goti, manyoya yakiruka, akipiga kelele, "Orvo! Orvo wangu huyo! Mnamwona?"

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba filamu ni uji uliolala, bali maelezo yake ni sherehe. Wizarani wakatuma agizo kwamba maelezo hayo yapelekwe nchi nzima. Mkurugenzi Mkuu alilipokea kama nishani. "Nilijua," aliniambia tukiwa sauna, akijimwagia maji. "Walihitaji tu mtu wa kuwafafanulia." Orvokki alikubali kusafiri nasi kwa sharti moja: maelezo yasomwe kama yalivyo, bila neno kupunguzwa wala kuongezwa. Bosi aliguswa sana na nidhamu hiyo. Reijo alipewa kazi ya kuendesha gari, na kwa mara ya kwanza alionekana na furaha, ingawa alisimama kwenye kila kivuko. Shangazi Lempi alihamishia kibanda chake nje ya kila ukumbi, kofia kichwani.

Kumbi zilijaa. Lahti, Pori, Jyväskylä. Orvokki alinawiri. Kila jioni alipata jipya la kufanya kando ya mtu yule aliyekuwa anasema maneno yaleyale: mara anapiga miayo kwa mdomo uliofumbwa, mara anaandika kwenye kiganja kama mwanafunzi mwema, mara anasimama tu. Kimya chake kilikuwa kinaiva, na Mkurugenzi Mkuu ndiye aliyekuwa moto bila kujijua.

Ilikuwa Kuopio ndipo alipoanza kushuku. Kabla ya onyesho alisikia kijana mmoja kwenye foleni akimwambia mchumba wake, "Ngoja umwone huyo mrefu. Huyo mrefu ni balaa." Mkurugenzi Mkuu alijitazama. Jukwaani hakukuwa na mrefu mwingine. Akaenda kwenye kibanda cha soseji, nami nikamfuata.

"Mama Lempi," alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa. "Nieleze ukweli. Hawa watu wanaucheka mzaha, au wananicheka mimi?"

Shangazi Lempi aligeuza soseji, akaipa upande wa pili nafasi yake.

"Mwanangu," alisema, "mzaha gani?"

Bosi alirudi nyuma hatua moja. Alinyoosha tai, akaniomba kalamu, akaandika akiwa amesimama, kwa hasira ya kiofisi ambayo haikwaruzi karatasi. Kisha akapanda jukwaani moja kwa moja. Orvokki alikuwa tayari amesimama mahali pake. Ukumbi ulikuwa umeanza kucheka kwa kumwona tu anavyotembea.

"Agizo," alisoma. "Kwanza: ni marufuku kumcheka ofisa wa serikali awapo kazini."

Mama mmoja wa safu ya mbele alifunika uso kwa mkoba.

"Pili: mwananchi anayetaka kucheka aombe kibali kwa maandishi, akieleza sababu."

Orvokki alinyoosha mkono. "Naomba kibali, Mkurugenzi."

"Kwa maandishi!"

Orvokki alijipapasa mifuko akitafuta kalamu. Mfuko wa kwanza haukuwa nayo. Alitafuta mfuko wa pili bila haraka, uso ukiwa wa raia mwema anayeitii nchi yake hadi mwisho, akatoa soseji ya shangazi iliyofungwa kwenye karatasi, akaitazama, akamtazama Mkurugenzi Mkuu, akaanza kuandika nayo hewani.

"Tatu!" alipaza sauti Mkurugenzi Mkuu juu ya zile kelele. "Kicheko kilichoanza kabla ya agizo hili kimalizwe kwa utaratibu!"

Hapo ndipo ukumbi ulipokwisha kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya ubao kwa sababu nyingine.

Kisha mzee mmoja wa shamba, huko nyuma kabisa, akapiga mbiu kwa mikono mdomoni: "Hatukusikia! Soma tena!"

"Tena!" waliitika wote. "Tena! Tena!"

Mkurugenzi Mkuu alinigeukia. Jasho lilikuwa linamtoka. "Lintula," alinong'ona, "sheria inasemaje?"

Ningeweza kudanganya. Orvokki alinitazama, akangoja.

"Mwananchi ambaye hakulisikia agizo," nilisema, "ana haki ya kusomewa upya, Mkurugenzi."

Alifikiri. Alikuwa mtumishi mwaminifu, hilo halina ubishi. Alirekebisha miwani, akakunjua karatasi.

"Agizo," alianza.

Aliwasomea hadi walinzi wa ukumbi wakaja kutufungia mlango. Nao wakaomba wasomewe, maana walikuwa nje.